Mibofyo Tele, Simu Hailii

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kuhusu Google Ads, yale matangazo ya kwenye utafutaji ambayo mfanyabiashara hulipia kila yanapobofywa. Tumechagua nne. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, usije ukahangaika kuyatafuta.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, Kinondoni. Nimeweka bajeti ya shilingi 15,000 kwa siku, kwa maneno "friji" na "AC". Wiki mbili nimepata mibofyo 214 na simu tatu, na mmoja wa waliopiga alikuwa anauza friji yake. Nimekosea wapi?

Fundi, tangazo linaonekana sana, ila linaonwa na wasiokuhitaji. Neno "friji" likiachwa peke yake bila alama yoyote, mfumo hulichukua kwa upana wake wote. Anayeulizia bei ya friji Kariakoo, anayetaka ya mtumba, anayetafuta kozi ya VETA, mwanafunzi anayesoma jinsi friji inavyopoza: wote wakibofya, unawalipia wewe.

Usikisie. Fungua ripoti ya "Search terms". Usiichanganye na "Keywords": hayo ni maneno uliyoyachagua wewe, na "Search terms" ndiyo watu waliyoandika kwa vidole vyao. Ipange kwa gharama, kubwa juu, usome mistari 30 ya mwanzo. Jumla yake haitalingana na fedha uliyotumia, kwa sababu tangu Septemba 2020 Google haionyeshi maneno yaliyotafutwa na watu wachache. Hata hivyo utaona pesa inatokea wapi.

Kisha toa "friji" na "AC", uweke maneno ya mtu ambaye maziwa yake yanaharibika sasa hivi: fundi friji, fundi ac, friji haigandishi, fridge repair. Ndiyo, na Kiingereza kiwemo, maana mteja yule yule anayeongea Kiswahili huandika "fridge". Kwenye mpangilio wa lugha chagua lugha zote. Simu nyingi zimewekwa Kiingereza hata kama mwenyewe anatafuta kwa Kiswahili. Kila fungu lifunge kwa alama za kunukuu, "fundi friji", ili utafutaji uwe na maana hiyo ndani yake. Mabano ya mraba, [fundi friji kinondoni], yanabana zaidi, ingawa nayo siku hizi hupitisha maneno ya maana inayokaribiana. Kwa hiyo ripoti ile irudie kila wiki.

Baada ya hapo weka maneno ya kuzuia, "Negative keywords". Anza na mtumba, used, kozi, veta, ajira, pdf. Hapa wengi hujikata wenyewe: ukizuia "bei" peke yake, umemfukuza pia anayeandika "bei ya kutengeneza friji", na huyo ndiye mteja. Zuia fungu zima, "bei ya friji", likiwa ndani ya alama za kunukuu. Maneno ya kuzuia hayajipanui kama yale ya kutangazia. "Kozi" haizuii "course", wala "duka" halizuii "maduka". Umoja na wingi, Kiswahili na Kiingereza, andika vyote.

Mahali nako kunavuja. Mpangilio unaokuja wenyewe hujumuisha walio katika eneo lako pamoja na wanaoonyesha kulipenda eneo hilo, hivyo mtu aliyeko Mwanza anaweza kukulia pesa. Ingia kwenye "Location options", chagua "Presence" (walioko eneo hilo), halafu chora duara la kilomita 8 hadi 10 kutoka kwenye karakana yako. Zaidi ya hapo foleni ya Dar itakula faida. (Mwenye nyumba ya wageni Jambiani, Zanzibar, afanye kinyume: wageni wake wako Milan, bado hawajapanda ndege.)

Tangazo litembee saa ambazo unapokea simu tu. Angalia: 8:00 AM ndiyo saa mbili asubuhi. Ukiandika 2:00 AM umelipia saa nane za usiku.

Mwisho, namba yako ikae juu kabisa ya ukurasa na ibonyezeke, na mguso wa namba au wa WhatsApp uhesabiwe kama "Conversion", yaani tendo la mteja unalolitaka. Bila hesabu hiyo, ukiuambia mfumo ukuletee mibofyo mingi, utakuletea ile ya bei rahisi, na ya bei rahisi mara nyingi si ya wenye friji mbovu.

Niko Nakuru, nauza vifaa vya umwagiliaji. Bajeti yangu ni KSh 1,000 kwa siku, lakini Jumanne matumizi yalifika 1,870. Hii ni halali?

Ni halali kwa kanuni zao. Bajeti ya siku ni wastani. Siku yenye watafutaji wengi mfumo unaweza kutumia hadi mara mbili, yaani 2,000 kwako, na siku nyingine ukatumia pungufu. Kinachobanwa ni mwezi: bajeti ya siku mara 30.4, kwako KSh 30,400. Kikizidi hapo, ziada hairuhusiwi kubaki kwenye bili yako.

Hatari iko kwa anayetangaza siku chache. Ukiwasha kampeni Jumatatu na kuizima Ijumaa, kikomo cha mwezi hakikusaidii kitu, na siku zote tano zinaweza kwenda mara mbili. Kama una 5,000 tu za wiki hiyo, andika 500 kwa siku. Na usilinganishe makato ya kadi na siku za matangazo: kadi hukatwa deni linapofika kiwango fulani, au tarehe 1 ya mwezi. Kuacha kadi bila salio kunasimamisha matangazo, deni linabaki pale pale.

Nina hakika mshindani wangu ananibofyea tangazo kila asubuhi. Nimzuieje?

Kwanza ongeza safu ya "Invalid clicks" kwenye jedwali lako. Mibofyo ambayo mfumo umeitambua kuwa batili haitozwi, au hurudishwa baadaye. Unaweza kuzuia anwani za IP (namba za kutambulisha miunganisho ya intaneti) hadi 500 kwa kampeni, lakini kwa watu wa intaneti ya simu silaha hiyo ni butu: wateja wengi wa kampuni moja ya simu hupita kwenye anwani moja, na ukiifunga umewafungia nao.

Kabla ya kumshuku jirani, tazama kama kampeni yako ya utafutaji imewekewa tiki kwenye "Display Network", yaani tovuti na programu za nje ya utafutaji. Huwekwa yenyewe. Tangazo lako huenda linatokea ndani ya michezo ya simu, na anayelibofya ni mtoto anayetafuta alama ya kufunga.

Tulimlipa kijana atutangazie. Sasa hapokei simu, na akaunti ni ya barua pepe yake. Tunaipataje?

Kama matangazo yenu yamechanganywa na ya wateja wengine ndani ya akaunti moja, hakuna cha kuhamisha. Historia haitoki akaunti moja kwenda nyingine. Kama ni akaunti yenu peke yenu, mtu pekee anayeweza kuwaongeza ni aliye na ngazi ya "Admin". Kadi ikiwa yenu, iambieni benki leo isitishe makato, kisha fungueni akaunti kwa barua pepe ya biashara. Fundi mwingine mkimwajiri, mwalikeni kwa ngazi ya "Standard": atafanya kazi yote, ila hataweza kuwatoa nyinyi.