Kitanzi cha GDB kimenifutia masalio ya wateja

Swali: Mhariri, ninajifunza lugha ya C, na programu yangu ya majaribio huhifadhi wateja katika orodha ya viungo (linked list), ambamo kila mteja anaelekeza kwa anayefuata. Niliisimamisha ndani ya GDB, zana ya kuchunguza programu inapoendelea kufanya kazi, ili nione majina ya wateja wenye salio la sifuri, nikaandika hivi:

```
set $p = orodha
while $p
  if $p->salio = 0
    printf "%s\n", $p->jina
  end
  set $p = $p->kinachofuata
end
```

Halikuchapishwa jina hata moja, ingawa najua wateja watatu hawana kitu. Nilipoiruhusu programu iendelee, wateja wote wakawa na sifuri. Je, GDB ina kasoro? Na mbona inaikataa "else if"?

*Msomaji, Morogoro*

Jibu: Ndugu msomaji, GDB haina kosa hapo, imetekeleza ulichoiandikia. Tazama mstari wa tatu. Alama moja ya `=` hailinganishi, bali inapachika thamani, na kwa kuwa GDB hukokotoa semi zake kwa kanuni za lugha ya programu unayoichunguza, huku ikifanya kazi ndani ya kumbukumbu ya programu hiyo hiyo iliyo hai, kila mzunguko wa kitanzi chako ulimwandikia mteja mmoja sifuri. Kisha sharti likapimwa kwa thamani iliyopachikwa, yaani sifuri, na sifuri kwa C ni uongo. Ndiyo maana `printf` haikufikiwa hata mara moja. Andika `==` na kitanzi kitafanya ulichokusudia.

Kosa hili lingekuwa ndani ya faili la C, kompaila ya gcc yenye chaguo la maonyo `-Wall` ingekupa onyo. GDB haionyi. Vivyo hivyo ukiweka kituo (breakpoint, mahali pa kuisimamisha programu) chenye sharti kwa `break toa_pesa if salio = 0`, programu haitasimama hapo kamwe, na kila ikipita itakuwa inafutiwa salio kimyakimya. Kwa sasa ianzishe upya kwa `run`. Lakini kama huwa inaandika faili la wateja inapofungwa, likague faili hilo kwanza.

Mimi nina mazoea ya kuandika `set may-write-memory off` kabla ya kuendesha kitanzi kinachopaswa kusoma tu. Kosa kama lako hapo huishia kwenye ujumbe wa kukataliwa, na data inabaki salama. Irudishe kuwa `on` kabla ya kuiruhusu programu iendelee, kwa sababu GDB inahitaji kuandika kwenye kumbukumbu inapoweka vituo vya kawaida.

Kuhusu "else if", lugha ya amri za GDB haina muundo huo, kama ambavyo haina `for`. Neno `else` hukaa peke yake kwenye mstari, na sharti la pili huanzishwa ndani yake, likiwa na `end` yake:

```
if $p->salio == 0
  printf "%s: hana kitu\n", $p->jina
else
  if $p->salio < 0
    printf "%s: anadaiwa\n", $p->jina
  end
end
```

Ukisahau `end` moja, GDB haitalalamika, ila itaendelea kukuonyesha alama ya `>` ikisubiri mistari zaidi, na wanafunzi wengi hudhani imekwama.

Pale ambapo ungetumia `for`, weka kihesabio chako mwenyewe. Kwa orodha ya viungo ningekishauri hata kama hukihitaji, maana orodha iliyoharibika huweza kujirudia yenyewe na `while $p` isione mwisho. Andika `set $i = 0` kabla ya kitanzi, kisha ndani yake:

```
  set $i = $i + 1
  if $i > 1000
    loop_break
  end
```

Amri ya `loop_break` hukikatisha kitanzi. Neno `set` ni la lazima; `$i = $i + 1` pekee si amri inayoeleweka. Na kitanzi kikishakutoroka kabla hujaweka kihesabio, kibonye Ctrl-C: GDB itakiacha na kukurudishia nafasi ya kuandika amri, na programu yako itabaki imesimama pale pale ilipokuwa.