Kitochi cha mama Ujiji, cha vocha tu

Uliyeuliza umnunulie mama yako wa Ujiji simu gani, chukua kitochi cha laini mbili, simu janja haina haja. Kama mama kazi yake ni kupiga, kupokea na kutuma hela tu, menyu ya M-Pesa *150*00# inafunguka kwenye kitochi bila bando lolote, ya Airtel Money *150*60# nayo vilevile. Mi nimemnunulia mama yangu mdogo cha hivyo pale Mwanga, anachaji mara mbili kwa wiki na tochi anatumia kila usiku umeme ukikatika.

Ila usilipe kabla hujabonyeza *#06#, zitatoka namba za utambulisho wa simu (IMEI) za tarakimu 15, mbili kwa sababu ya laini mbili, sasa toa betri ulinganishe na zile za kwenye stika humo ndani, halafu tuma moja kwenda 15090 watakwambia simu ni ya aina gani, jina likija tofauti na la kwenye boksi rudisha hapohapo, maana simu feki TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walishazizima tangu Juni 2016. Angalia pia vitufe, namba ziwe kubwa na 5 iwe na kinundu, mtu mzima anapapasa gizani anapata namba.

Na huku kwetu ziwani kuna hili, simu inaweza kudaka mtandao wa nchi ya ng'ambo, salio likaisha kwa dakika chache. Ingia settingi, weka kuchagua mtandao mwenyewe, usiache otomatiki. Whatsapp tu ndo atakosa, akiitaka hiyo ni hesabu nyingine.