Barua kwa mwanangu: Probox inayokula betri

Mwanangu,

Huku Nakuru hatujambo. Nimesoma ujumbe wako kuhusu Probox, lile gari dogo la Toyota la kubebea samaki, ya yule mteja wa Dunga hapo Kisumu. Ulimfungia redio na traka, kile kifaa cha kufuatilia gari lilipo, na sasa gari likikaa siku mbili bila kuendeshwa haliwaki. Anadai umemwulia betri na anataka umnunulie nyingine. Umeniuliza uanzie wapi, na kama umlipe.

Usilipe kitu kabla ya kupima. Kama kuna kitu kinavuta umeme, betri mpya nayo itaisha baada ya siku mbili, na wewe utakuwa umeshakubali lawama.

Anza na hesabu. Betri ya saizi ya NS60 ina ampea-saa 45 hivi. Gari lililolala vizuri, yaani limezimwa na vifaa vyake vyote vimetulia, huvuta chini ya miliampea 50, yaani ampea-saa 1.2 kwa siku, na linaweza kukaa wiki mbili kisha likawaka. Likivuta nusu ampea ni ampea-saa 12 kwa siku, na siku mbili zinatosha kumaliza nusu ya betri. Kwa hiyo unatafuta kitu kinachokula nusu ampea au zaidi. Ukikuta miliampea 60 au 70 tu, usihangaike na nyaya zako: ama betri imechoka, ama altaneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, haichaji. Washa injini uweke mita kwenye terminali, unataka volti 13.8 hadi 14.5.

Sasa kipimo chenyewe. Shusha kioo cha dereva ili gari lisikufungie nje, fungua boneti, kisha sukuma lachi ya mlango kwa bisibisi mpaka ijifunge, gari lidhani mlango umefungwa. Toa ufunguo. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10. Hatua inayofuata mafundi wengi huiruka: kabla hujalegeza terminali ya hasi, chukua waya wenye klipu, klipu moja ishike nguzo ya betri na nyingine ishike kebo ya hasi. Ndipo uitoe terminali, uweke mita kati ya nguzo na kebo, halafu uondoe ule waya. Umeme haujakatika hata sekunde moja. Ukiukata, traka na kompyuta za gari huanza upya, na kitu kilichokuwa kimekataa kulala kinaweza kutulia palepale, ukarudisha gari ukidhani limepona. Mita ikiwa pale usiguse swichi ya ufunguo wala stata, utachoma fyuzi ya mita. Subiri nusu saa ndipo usome.

Namba ikiwa kubwa, usianze kung'oa fyuzi moja moja. Kila fyuzi unayorudisha huamsha kitu, na utasubiri tena. Rudisha kwanza ule waya wenye klipu, toa mita, rudisha waya wake mwekundu kwenye tundu la volti, kisha iweke kwenye milivolti na uguse vile vidoti viwili vya chuma juu ya fyuzi ikiwa mahali pake. Fyuzi isiyopitisha umeme husoma sifuri. Fyuzi ya ampea 10 inayopitisha nusu ampea husoma milivolti 4 hivi. Ukiipata hiyo, umepata njia ya umeme unaopotea.

Ningeanza na rilei ya traka, ile swichi inayoendeshwa na umeme ambayo traka huitumia kuzima gari. Mafundi wengi hukata waya wa pampu ya mafuta na kuupitisha kwenye pini za rilei namba 30 na 87, kisha koili inayoivuta swichi, ya pini 85 na 86, inabaki na umeme saa zote ili gari liweze kuwaka. Koili ya rilei ya volti 12 hula miliampea 150 hivi, usiku na mchana, na traka ikiharibika gari linazima barabarani. Tumia 30 na 87a. Pale swichi ya rilei imeshikana bila koili kupata umeme wowote, na koili hupata umeme tu mwenye gari anapotuma amri ya kuzima. Gusa rilei baada ya gari kulala saa moja. Ikiwa na joto, umeshapata mwizi wa kwanza.

Traka yenyewe ina waya wa kuiambia kwamba ufunguo umetolewa. Waya huo ukiachwa ukining'inia, au ukiunganishwa na umeme wa kudumu, traka nyingi hazilali kamwe. Rangi hutofautiana, kwa hiyo soma karatasi iliyokuja nayo. Pia usiizike nyuma ya chuma: mtandao ukiwa dhaifu inatafuta mawimbi kwa nguvu zaidi na kula zaidi.

Kwa redio, njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa ufunguo, nyeusi ni erthi. Wateja hupenda redio ilie bila ufunguo, na fundi mwenye haraka huunganisha njano na nyekundu pamoja. Redio ya namna hiyo haizimiki kwa ufunguo, kioo kinaweza kuwa cheusi lakini ndani kuna kazi. Angalia pia waya wa bluu wenye mstari mweupe, unaoamsha amplifaya. Ukiwa kwenye umeme wa kudumu, amplifaya inakaa macho usiku kucha hata bila muziki, na hiyo peke yake inaweza kufika nusu ampea. Na kama uliacha redio ya Kijapani ukaongeza ekspanda, kile kifaa cha kuiwezesha kushika stesheni za juu, kwa kuwa FM ya kwao huanzia 76 na nyingi huishia 90, ilhali stesheni zetu zinafika 108, hakikisha ekspanda inapata umeme kwa ufunguo tu.

Hasi za spika zisiguse bodi kamwe. Hilo halihusiani na betri, ila nimeona picha uliyotuma na ule waya wa kijivu wenye mstari mweusi, ambao ni hasi ya spika, umekaa vibaya.

Kabla ya kujilaumu, kagua yasiyo yako. Taa ya buti ya wati 5 ikibaki inawaka hula ampea 0.4, karibu ampea-saa 10 kwa siku. Acha simu ikirekodi video ndani ya buti, ufunge, uangalie. Altaneta ambayo daiodi zake, vile vipande vya kuzuia umeme usirudi nyuma, zinavuja nayo huvuta umeme injini ikiwa imezimwa, na haipiti kwenye fyuzi za ndani. Kama fyuzi zote zinasoma sifuri na mita bado inaonyesha nusu ampea, toa hasi ya betri, ondoa waya mnene wa altaneta na uufunike kwa tepu, rudisha kipimo. Namba ikianguka, ni altaneta.

Halafu maungio. Gari la kubeba samaki lina maji ya barafu chini ya zulia kila siku, na joto la Kisumu linayeyusha gundi ya tepu. Waya uliosokotwa na kufungwa tepu hapo utaota kutu ya kijani, na erthi mbovu huifanya traka izime na kuamka mara kwa mara. Lehemu, vika mpira wa kunywea kwa joto, pitisha nyaya juu ya sakafu, na erthi ifungwe kwa boliti kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Fyuzi ya traka iwe karibu na pale unapochukulia umeme. Ikikaa kwenye traka, waya wote wa katikati hauna ulinzi.

Ukishatibu, chaji betri kwa ampea 4 au 5 usiku kucha, iache ipumzike saa kadhaa ikiwa imetolewa nyaya zake, kisha pima. Volti 12.6 ni nzima, 12.2 ni nusu. Piga stata ukiangalia mita: ikishuka chini ya 9.6 ilhali ilikuwa imejaa, imekufa. Betri inayolazwa tupu mara nyingi huharibika kweli, hapo mteja ana haki.

Andika namba zote kwenye risiti, za kabla na za baada, umwonyeshe. Kama mwizi alikuwa rilei yako au redio yako, na betri ilikuwa haijafikisha miaka miwili, lipa nusu yake na usidai kazi ya marekebisho. Kama ni taa ya buti au altaneta, mtoze kazi ya kutafuta, maana ni kazi.

Nitumie usomaji wa kwanza ukiupata, kabla hujafungua kitu chochote.

Mama yako