Kodi inakwenda Washington, bili inabaki kwenye kaunti

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii kama wahamiaji wasio na vibali ni mzigo wa kifedha kwa majimbo ya Marekani yanayopakana na Meksiko. Mimi naishi Houston, kwa hiyo nitajibu kwa habari za Texas. Kwa jimbo lenyewe, mzigo huo siuoni. Kwa kaunti, yaani serikali za mitaa ndani ya jimbo, upo, tena unaumiza.

Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Jimbo linaendeshwa zaidi kwa kodi ya mauzo, na serikali za mitaa na shule kwa kodi ya majengo. Basi asiye na makaratasi analipa kila anapomnunulia mtoto viatu, na analipa kila mwezi anapotoa pango, maana mwenye nyumba anaitoa humo humo kodi ya jengo. Wengi wanakatwa pia hifadhi ya jamii kwenye mshahara, na pensheni yenyewe hawataiona.

Mwaka 2006 aliyekuwa mdhibiti wa fedha wa Texas, Carole Keeton Strayhorn, alipiga hesabu hiyo waziwazi. Kwa mwaka 2005 aliona kwamba watu hawa wapatao milioni 1.4 waliingizia jimbo dola bilioni 1.58, na huduma za jimbo kwao ziligharimu bilioni 1.16. Faida hiyo. Lakini ripoti hiyo hiyo ilionyesha kuwa hospitali na vyombo vya usalama vya serikali za mitaa vilibeba bilioni 1.44 ambazo jimbo halikuzilipa. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1986 inazitaka hospitali zenye huduma ya dharura zimpokee kila mgonjwa wa dharura, na ni sawa kabisa. Ila Bunge la Marekani lililoipitisha halikutenga fedha za kuilipia.

Watanitajia shule. Mwaka 1977 shule za umma za mji wa Tyler, hapa Texas, ziliwatoza watoto wasio na vibali dola 1,000 kila mmoja kwa mwaka. Wazazi wao walifika mahakamani alfajiri, magari yamejaa vyombo vya nyumbani, wakijua huenda wakafukuzwa nchini siku hiyo hiyo. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, majaji watano kwa wanne, kwamba watoto hao wasome bure kama wenzao. Fedha hiyo siihesabu kuwa hasara. Mtoto aliyesomeshwa ndiye mlipa kodi wa kesho wa Texas hii hii.

Kinachoniuma ni kaunti ya Brooks. Haigusi hata mpaka. Iko zaidi ya kilomita 100 kaskazini, na wakazi wake ni kama 7,000 tu. Ila karibu na mji wake wa Falfurrias serikali kuu imeweka kituo cha kukagua wahamiaji barabarani. Wasafirishaji wa magendo wanawashusha watu kabla ya kituo, wanawaambia wazunguke kwa miguu katikati ya mashamba ya ng'ombe, kwenye mchanga na joto linaloua. Mwaka 2012 peke yake ilipatikana miili 129. Kila mwili unahitaji mtu wa kuufuata porini, gari la kuubeba, uchunguzi wa daktari na kaburi, na usipopata mwenyewe, mlipaji ni kaunti. Kaunti ilielemewa. Wanaanthropolojia, wataalamu wa kutambua mabaki ya watu, walipofukua makaburi ya Falfurrias mwaka 2013 na 2014 wakakuta baadhi ya marehemu wamezikwa ndani ya mifuko ya takataka. Hao ni watoto wa watu, na kwao kuna mama anayesubiri simu. Leo wahisani wanaweka mapipa ya bluu ya maji kandokando ya mashamba, kwa fedha za michango.

Wakati huo huo Texas imetumia zaidi ya dola bilioni 11 katika operesheni ya mpakani aliyoianzisha Gavana Greg Abbott Machi 2021. Sheria ya bajeti ya serikali kuu iliyosainiwa Julai 2025 imetenga zaidi ya bilioni 13 za kuyafidia majimbo gharama za namna hiyo: askari, ukuta, ukamataji.

Kwa hiyo nikiulizwa nani alipe, nasema Washington. Ndiyo inayopokea hifadhi ya jamii ya watu hawa, ndiyo iliyoweka kituo kile Falfurrias. Ianze kwa kulipia hospitali za kaunti wagonjwa wa dharura, na katika Brooks igharamie kutambua miili yote na kuirudisha kwa ndugu zao.

Msomaji wenu, Houston