Muulize Mwalimu: Naleta lita 60, yeye lita 3, mbona kura ni moja moja?

Desemba ikikaribia barua zenu huwa ni za chama tu, nani amekula, nani hajalipa, nani amenuna. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu juu huyu mtu ananikumbusha vile mimi nilikuwa nafikiria zamani.

SWALI: Habari yako Mwalimu. Mimi ni mfugaji huku Njoro, niko na ng'ombe sita wa kukamua, freshian tupu, na nyasi nanunua mwenyewe wala siombi mtu. Kila siku napeleka lita 60 kwa kikundi chetu, asubuhi na jioni. Sasa kuna mama jirani yangu hapa, ng'ombe wake ni mmoja na ni wa kuchanganywa-changanywa tu, analeta lita 3, siku zingine hata hazifiki. Mkutano wa juzi tulikuwa tunaamua kama zile pesa zimebaki tugawane bonasi ama tununue jenereta ya tenki la kupoza maziwa. Mimi na wenzangu wenye maziwa mingi tukasema bonasi, huyo mama na wa lita tatu tatu wakasema jenereta, wakatushinda kwa kura. Kweli hiyo ni haki? Si kura zihesabiwe kwa lita? Nafikiria nitoke nianze kuuzia broka, yeye anaongeza shilingi tano kwa lita na analipa papo hapo. - Mfugaji amechoka, Njoro

JIBU: Mfugaji, pole. Kushindwa na mtu wa lita 3 mbele ya kijiji kizima inauma, sitakudanganya. Lakini hebu twende pamoja mpaka kwa hilo tenki lenu tuchungulie ndani. Hujaniambia ni la ukubwa gani, tuseme ni la lita 2,000 kama yale nimeona kwa vikundi vingi. Kule ndani kuna kile kikorogeo kinazunguka kukoroga maziwa ndio baridi isambae kote mpaka yafike digrii 4. Sasa mimina lita zako 60 peke yake. Zitalala chini tu hata kikorogeo hazikifikii vizuri, za chini zinaanza kuganda barafu na za juu bado zina joto la ng'ombe. Halafu stima ni ile ile, mlinzi ni yule yule, na lori la kampuni haliwezi kutoka mjini likapanda mpaka kwenu juu ya lita 60, hata kama ni freshian tupu. Kwa hivyo lita 60 zako zinauzika hivyo juu kuna watu mia wa lita tatu tatu wamezibeba. Wao pia wamebebwa na wewe, na hiyo wanajua, ndio maana hakuna mtu ametaka mlipwe sawa.

Hapo ndipo umechanganya mambo mawili. Mwisho wa mwezi wewe unalipwa za lita 60, yeye analipwa za lita 3, na bonasi ikitoka inatoka kwa lita. Kwa pesa hamko sawa na hamtakuwa. Mko sawa mahali pamoja tu, kwa kuamua. Na hiyo si katibu wenu aliitunga, kikundi kikisajiliwa kuwa chama cha ushirika sheria ya Kenya inasema memba mmoja kura moja hata awe na hisa ngapi, na inakataza memba mmoja kushika zaidi ya moja kwa tano ya hisa zote. Wale wafanyakazi 28 wa Rochdale kule Uingereza, baadhi yao wafumaji wa nguo, walifungua duka lao mwaka 1844 kila mmoja akitoa pauni moja, wakauza siagi na sukari na unga na mishumaa, na walifanya vivyo hivyo: kura kwa kichwa, faida kwa kiasi mtu amenunua. Hata hapa kwetu wazungu walijua hii siri mapema sana, ushirika wa kwanza Kenya ulianzishwa Lumbwa mwaka 1908, hapo Kipkelion ya leo, lakini ulikuwa wa masetla peke yao, sisi mlango tulikuja kufunguliwa vizuri na sheria ya 1945. Miaka 37 mtu anaona jirani yake wanauza pamoja na yeye haruhusiwi hata kuingia. Fikiria hiyo kabla hujamtoa mama wa lita 3 kwa mkutano.

Wacha nikuambie kilichonifundisha mimi. Nikiwa bado nafundisha upande wa Rongai nilikuwa katibu wa kikundi cha maziwa. Kijana wa mapokezi alikuwa anapima kila mtungi, laktomita kwanza kuona kama umetiwa maji, halafu ile ya spiriti, anachota maziwa kidogo na spiriti kiasi hicho hicho kwa kachupa ka glasi, anatikisa, yakishikana vidonge-vidonge unarudi nayo nyumbani. Kila mtungi, isipokuwa wa mwenyekiti. Ule ulikuwa unapita tu, nani angemwambia mwenyekiti arudi nyumbani na maziwa yake, na alikuwa ndiye mwenye nyingi, na mimi katibu naona na nanyamaza. Basi asubuhi moja lori likaja, dereva akapima tenki, akarudia mara ya pili, akafunga mfuniko akasema hapana. Lita zaidi ya elfu moja zilimwagwa kwa mtaro ulio nyuma ya senta, mtaro ukawa mweupe mpaka kwa kalavati, mbwa wa senta walikunywa mpaka wakalala hapo hapo. Hasara tukakatwa wote.

Mkutano ukaitwa, kila mtu analaumu stima. Ndipo akasimama mama mmoja wa lita 2, tena si mtu wa kuongea, akauliza swali moja tu: jana jioni ni mtungi wa nani haukupimwa? Kimya. Yule kijana wa mapokezi akaangalia viatu vyake. Tukapiga kura siku hiyo hiyo, mtungi wa mwenyekiti uwe wa kwanza kupimwa kila siku mbele ya laini yote, na yeye mwenyewe akainua mkono, nafikiri kwa aibu. Sasa kama kura zetu zingekuwa za lita, huyo mama angekuwa na mdomo wa lita 2, na mwenyekiti angekuwa na mdomo wa kumfunika yeye na wenzake ishirini. Tungeendelea kulaumu stima.

Kuhusu broka. Shilingi tano anakuongezea juu tenki lipo. Anajua bei ya tenki, anaweka yake juu kidogo akuvute, na saa hii anakuvuta wewe juu wewe ndiye mwenye nyingi, huyo mama hamtaki. Mkitoka watano kama wewe tenki linabaki nusu, gharama ni zile zile, linaanza kuchelewesha malipo, wengine wanatoka, linafungwa. Halafu ngoja Aprili mvua ishike, nyasi kila mahali, kila mtu ana maziwa. Broka atakuja na pikipiki yake akuambie leo sichukui ya jioni, na ya asubuhi bei imeshuka. Utamfanya nini? Ya jioni ndiyo inaonyesha nani ni rafiki, mzee. Na hiyo ya jioni ndiyo jenereta inalinda stima ikipotea usiku, sasa niambie kati ya lita 30 na lita 1 na nusu za jioni, ni za nani zinaharibika nyingi kukiwa giza? Huyo mama amepigia kura ng'ombe zako.

Lakini kuna mahali uko na haki. Kama kuna memba wanaleta maziwa ile siku tu broka amewakataa, halafu wanakuja kupiga kura, hapo sema, tena kwa sauti. Wekeni sheria ya siku ngapi kwa mwezi mtu lazima alete ndio apige kura, na iwe ya kila mtu, wa 60 na wa 3. Na uombe jenereta inunuliwe kwa awamu ndio bonasi kidogo itoke mwaka huu. Nakuhakikishia ukisimama na hoja hiyo badala ya lita zako, kuna watu wa lita tatu watakupigia.

SWALI: Mwalimu, sisi ni akina mama 14 tunafanya biashara ya omena kwa beach moja karibu na Kisumu. Tuko na nyoluoro, kila mtu 500 kila Jumatatu, mwenye zamu anachukua 7,000. Wenzetu watatu wanachelewa kila mara, tukaweka faini ya 100 kwa kila wiki, sasa faini imepita deni na wanatukwepa sokoni. Wengine wanasema tuwafukuze. Sisi tulitaka kila mtu awe sawa, makosa iko wapi? - Nyar Kano

JIBU: Nyar Kano, toa kitabu cha chama na ukitoe nje usiku uangalie mwezi. Sicheki. Andika zile Jumatatu hao watatu walikosa halafu uniambie kama hazikuwa wiki za mwezi mkubwa. Wewe unajua kuliko mimi, omena inavuliwa usiku kwa taa, giza ndiyo inafanya samaki wafuate taa, mwezi ukijaa mwanga uko kila mahali na mitumbwi inakaa nchi kavu karibu wiki nzima. Wiki hiyo hakuna omena, na asiye na omena hana 500. Nyinyi wengine pengine mna kibanda cha mboga ama mume wa mshahara, ndio mnalipa bila kuhisi. Hao watatu nadhani wanakula ziwa peke yake. Kwa hivyo 500 yenu ni sawa kwa kitabu tu, kwa mfuko ni tofauti kabisa.

Msifukuze mtu. Futeni faini, wabaki na deni la kweli walipe polepole, na wiki ya mwezi mkubwa msichange, ama wiki hiyo mchange 100 ya kuonana tu. Zamu pia ipigiwe kura kwa vikaratasi kwa sufuria, mwenyekiti naye achomoe chake, juu nimeona vyama vingi ambavyo kwa bahati ya ajabu viongozi wote ndio wanapata mwezi wa kwanza.

Na kwa vile mmeshakaa 14 mahali pamoja, kuna kitu kikubwa kuliko hiyo 7,000 mnaacha kwa mchanga. Mtumbwi ukifika alfajiri kila mtu anakimbilia peke yake, mnapandishiana bei nyinyi kwa nyinyi, na ile mambo ya jaboya, mvuvi kudai mapenzi ndio akuuzie samaki, sitaizungushia, inaanzia hapo hapo, mwanamke mmoja akisimama peke yake mbele ya mtu ambaye anaamua nani apate samaki. Mkienda 14 na pesa moja mnanunua mzigo wote, mnaongea bei mara moja, na mnamtuma mmoja aongee mbele ya wote. Halafu mnaanika pamoja. Mvua ya alasiri ikitisha wawili waliobaki wanaanua za wote, wale wengine wako soko la Jubilee wanauza kwa gorogoro bila kuangalia mawingu. Wale watatu wenu hawana pesa ya kila wiki lakini nina hakika ndio wanajua kuanika kuliko nyote. Waulizeni.

SWALI: Mwalimu niko stage ya boda hapa Kakamega. Tunachanga 50 kila siku tununue pikipiki za chama, sasa ni miezi minane. Pesa iko kwa simu ya mwenyekiti. Nikiuliza ni ngapi naambiwa sina imani na wenzangu na nitavunja umoja. Nifanye nini? - Kijana wa stage

JIBU: Umoja ambao unavunjika juu ya swali la pesa ngapi, huo ulikuwa wa mtu mmoja na wasikilizaji. Pesa itoke kwa simu iende akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, na kila mwezi taarifa isomwe hapo stage kwa sauti, hata kwa yule ameingia jana. Kabla ya hiyo yote, kesho asubuhi mkiwa wengi hapo, mwambie kwa heshima asome salio mbele ya watu. Akisema simu imezima chaji, uwe umebeba pawabenki.