Kiraka cha lami kuteleza na tozo ya mafuta
Ndugu, umeuliza kwa nini pikipiki huteleza kwenye kiraka cha lami ambacho gari hupita salama, na kwa nini tozo ya mafuta haitoshi kukarabati barabara. Pikipiki hugusa barabara kwa sehemu mbili tu, kila moja ikikaribia ukubwa wa kiganja, hivyo lami iliyovuja juu ya kiraka, kokoto au dizeli iliyomwagika huweza kuondoa mshiko wote, hasa ukishika breki ukiwa umeinama kwenye kona. Kuhusu fedha, tozo hufuata lita zinazotumika, ilhali uharibifu hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito unaobebwa na kila ekseli (mhimili unaoshika magurudumu): uzito ukiongezeka maradufu, uharibifu huwa mara 16 hivi. Lori zito, kwa maoni yangu, hulipa pungufu mno.