Kona ya Maswali: Kilti Inatakiwa Iishie Wapi?

SWALI: Habari kaka, naomba unisaidie maana muda unaniishia. Mwezi ujao nasimamia rafiki yangu kwenye harusi yake Edinburgh, na sisi wa upande wa bwana harusi tumeambiwa wote tuvae kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti. Mimi sijawahi kuivaa maishani. Kuna jamaa ameniazima ya kwake, ya sufu nzito, nzuri kweli, nikaijaribu mbele ya kioo ikanipita goti ikashuka hadi mwanzo wa ugoko. Fundi wangu anasema nimwachie aikate inchi mbili tatu apige pindo jipya. Nimkubalie? Na urefu sahihi ni upi hasa, maana wengine wananiambia juu ya goti, wengine chini.

JIBU: Ndugu yangu, tafadhali sana fundi asiiguse hiyo kilti kwa mkasi. Kwanza ni ya mtu, pili kilti ya kweli haina pindo huko chini, ule mwisho unaouona ni ukingo wenyewe wa kitambaa jinsi kilivyotoka kwenye mtambo wa kufumia, na ndo maana marinda yanaanguka yamenyooka vile. Ukikata ukakunja unaweka uvimbe kwenye kila rinda, na kilti ya kawaida inakula kama yadi 8 za kitambaa, yaani zaidi ya mita 7, kwa hiyo hebu fikiria huo uvimbe ni mwingi kiasi gani.

Halafu mimi nina wasiwasi kwamba kilti yako wala si ndefu. Nadhani umeivaa chini. Karibu kila anayevaa mara ya kwanza anaifunga pale anapofungia jinzi, kwenye nyonga, kwa sababu mwili umeshazoea hapo, halafu anaangalia chini anaona imevuka goti anasema ndefu. Kilti inafungwa kiunoni kwenyewe, usawa wa kitovu au juu yake kidogo. Nakusihi uijaribu tena hivyo kabla hujafanya chochote, ipandishe mpaka uhisi imekaa juu kupita ulivyozoea, kaza mikanda yake ya ngozi, halafu ndo uangalie. Mara nyingi zile inchi mbili tatu za fundi zinapotea zenyewe hapo.

Na sio suala la urefu tu. Geuka utazame nyuma, utaona marinda yameshonwa yakafungwa kuanzia kiunoni hadi kwenye nyonga, chini ya hapo ndo yanaachiwa yacheze. Umbo la kiuno chako limeshashonwa mle ndani. Ukiishusha, ile sehemu nyembamba inakaa mahali penye mwili mpana, marinda yanafunguka vibaya makalioni na mbele inajikunja, na hapo hata urefu ukiwa sawa bado utaonekana umevaa nguo ya kuokota.

Sasa iishie wapi. Katikati ya pia ya goti, au ukingo wake wa juu, popote kati ya hapo uko salama. Ikifunika goti lote ni ndefu, ikionyesha paja ukiwa umesimama ni fupi. Namna ya kupima, piga magoti sakafuni mgongo wima, ukingo wa kilti uguse sakafu kidogo tu au uachane nayo kama inchi moja. Ila usijipime mwenyewe! Ukiinama kutazama, mbele inashuka nyuma inapanda, unapata jibu la uongo, muite mtu aangalie kutoka ubavuni kama mbele na nyuma ziko usawa mmoja. Viatu havibadilishi kitu hapa, urefu ni wa kiuno hadi goti, kwa wanaume wengi unaangukia karibu na inchi 24, kama sentimita 61. Kama una kitambi usiifunge chini yake, pitisha juu kwenye kitovu.

Ukishaivaa sawasawa na bado imevuka goti, basi hiyo kilti ni ya mtu mrefu kuliko wewe na huna la kuifanya, irudishe kwa shukrani ukakodi. Uskoti kukodi nguo za harusi ni jambo la kawaida kabisa, wala hakuna atakayekushangaa. Ila wakikuuliza kiuno usiwatajie namba ya jinzi, pima kwenye kitovu kwa futi, wengi wanakuta imezidi kwa inchi kadhaa.

Hao wanaokwambia juu ya goti, juu sana usikubali. Mfalme George IV wa Uingereza alipokwenda Edinburgh mwaka 1822 alivaa fupi, chini yake akavaa taiti za rangi ya waridi, na wachora katuni hawakumwacha. Baadaye mchoraji David Wilkie alipomchora akaziondoa zile taiti kwenye picha, magoti yakabaki wazi kama inavyotakiwa.

SWALI: Na soksi zipande hadi wapi? Na ile pini kubwa ya mbele inashikilia nini, maana nikitembea kwenye upepo naogopa.

JIBU: Soksi ikunje juu, mkunjo wake uishie kama vidole vitatu chini ya pia ya goti, goti libaki na nafasi yake. Pini haishikilii kitu, ni uzito tu wa kukipa kitambaa utulivu. Inakaa pembeni chini upande wako wa kulia, kwenye kipande cha juu peke yake, maana mbele ya kilti kuna vipande viwili vinavyolaliana. Usiipitishe ikachoma na cha chini, kwa sababu ukikaa au ukipanda ngazi vile vipande viwili vinavutana na sufu inachanika. Upepo waachie marinda, yana uzito wa kutosha, na mbele utakuwa na sporani, kile kimkoba kinachoning'inia, nayo inakandamiza.